Mkono Mzima Kwanza

Hotuba kwa wanafunzi wa tiba na uuguzi, Tanga

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, masista na makaka wa wodini, wanafunzi wetu: itifaki imezingatiwa. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, marahaba zenu nimezitoa mlangoni.

Nimepewa mada ndefu, tofauti za kimaumbile za misuli ya kigasha na umuhimu wake katika tiba, halafu nimewekwa saa nane mchana, watu wametoka kula pilau. Kwa hiyo la msingi nalisema sasa hivi, kabla usingizi haujawachukua. Mgonjwa akija na jeraha la kigasha, anzeni kupima mkono ule usioumia. Nasema anzeni, sisemi mkikumbuka.

Kigasha ni hapa, kutoka kiwiko mnachoegemezea meza hadi kifundo mnapofunga saa. Vitabu huhesabu misuli 20 ndani yake, 8 upande wa mbele na 12 upande wa nyuma. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapata alama zako zote, na mimi mwenyewe nitakupa. Lakini mkono wa binadamu haukupimwa viwanja kama mitaa ya Ngamiani hapa mjini, kwamba ukivuka barabara ya saba unajua mbele yako ni ya nane. Kwa huyu msuli mmoja haupo. Kwa yule umezidi mmoja, mdogo, wala haumo kwenye ile picha ya ukutani. Kwa mwingine misuli yote ipo, ila mmoja umekaa kichwa chini miguu juu.

Chanzo chake ni cha mapema mno. Mkono wa mtoto tumboni huanza kuchipuka katika wiki ya nne. Seli za misuli huhamia humo na kujikusanya mafungu mawili, la mbele na la nyuma, kisha kila fungu likagawanyika na kugawanyika tena mpaka ipatikane misuli tunayoijua. Mgawanyo ukikoma njiani, misuli miwili hubaki imeshikana. Kipande kikisalia bila mwenyewe, unapata msuli wa ziada. Kingine huyeyuka chote. Si ugonjwa, si kilema, na ndugu wa mgonjwa wakikuuliza pembeni, waambie pia si mkono wa mtu.

Tuanze na msuli wa palmarisi longasi, maana ndio wenye sifa kuliko yote. Naomba mfanye jambo dogo hapo hapo mlipokaa. Geuza kiganja kitazame juu. Kutanisha ncha ya gumba na ncha ya kidole cha mwisho. Sasa kunja kifundo kidogo kukielekeza kwako. Je, katikati ya kifundo kuna kamba imesimama chini ya ngozi? Hiyo ndiyo kano yake. Kipimo hiki kinaitwa cha Schaeffer, aliyekieleza mwaka 1909. Fanyeni na mkono wa pili, msiwe wavivu.

Naona binti mmoja safu ya tatu anautazama mkono wake kama aliyeibiwa. Hujaibiwa, mwanangu. Kaa hivyo hivyo, tutakurudia.

Vitabu vingi mnavyosomea vinasema kano hii hukosekana kwa takriban asilimia 15 ya watu. Takwimu hiyo ilitoka kwa watu wa Ulaya na Marekani, nasi tumeikariri kizazi baada ya kizazi. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa 2011 ulikuta asilimia 4.4. Zimbabwe, mwaka 2009, ilikuwa asilimia 1.5 tu. Upande wa pili, vijana waliopimwa Gaziantep nchini Uturuki, katika utafiti wa 1997, zaidi ya asilimia 60 hawakuwa nayo angalau mkono mmoja. Tazameni umbali huo! Hata njia ya kupima huchangia, kwa kuwa mtu mnene kano yake hujificha, na wapo wanaoikunja mikono bila nguvu wakahesabiwa hawana. Hata hivyo picha kwa jumla iko wazi: kwa watu wa upande wetu wa Afrika, asiye nayo ni mmoja mmoja.

Hapo ndipo penye hatari yetu sisi. Daktari wa Gaziantep hawezi kusahau kwamba kano hiyo huenda haipo, anakutana na jambo hilo kila siku. Wewe wa Tanga utafunga majeraha ishirini na kuikuta mara zote ishirini, mkono wako utazoea, na wa ishirini na moja akija utakuwa unaitafuta kano ambayo Mungu hakumpa.

Kama kukosekana kwake kungekuwa na madhara kwa mwenye mkono, tungekwisha kuambiwa na wagonjwa. Kazi ya msuli huu ni kukaza ngozi ya kiganja na kusaidia kidogo kukunja kifundo. Asiye nao hushika panga, kasia na usukani wa baiskeli kama jirani yake. Kwa kuwa haudaiwi kitu kikubwa, wapasuaji huikopa kano yake. Wanaitumia kuunganishia kano nyingine ya kidole iliyoharibika, kuinua kope iliyolegea, na kwa mgonjwa wa ukoma ambaye neva zake zimekufa, kurudishia vidole au gumba mwendo uliopotea. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe wa Marekani alichukua kano hii kutoka mkono mmoja wa mchezaji wa besiboli, Tommy John, akamjengea ligamenti mpya, ile kamba inayoshikilia mifupa kwenye kiungo, kwenye kiwiko cha mkono wa kurushia mpira. Watu walidhani amekwisha. Alirudi uwanjani 1976 akacheza hadi 1989. Sasa basi, ukipanga upasuaji wa kuikopa, pima kwanza kama ipo. Inachekesha kuwaambia hivyo, lakini kuna wagonjwa waliochanjwa kifundo kutafuta kano ambayo sekunde tano za kukunja mkono zingeonyesha haipo.

Kisha kuna la kutisha, na hapa sina haraka.

Chini ya kano hiyo, palepale katikati ya kifundo, inapita neva ya mediani. Ndiyo inayokupa hisia za gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na ndiyo inayoliwezesha gumba kugeuka na kukabiliana na vidole vingine. Mwenye palmarisi, kano iko juu na neva iko chini yake. Asiye nayo, ukifungua ngozi na mafuta na utando, kitu cheupe cha kwanza chenye umbo la kamba unachokutana nacho ni neva yenyewe. Imo katika maandiko ya upasuaji kwamba neva ya mediani imewahi kukatwa na kuchukuliwa kwa kudhaniwa ni kano ya kukopa. Imo pia kwamba kwenye jeraha la kifundo ncha ya kano imeshonwa na ncha ya neva, zote nyeupe, zote zimelowa damu, taa ni hafifu na ni saa tisa usiku. Mgonjwa huyo jeraha litafunga vizuri kabisa. Nyuzi zitatolewa, atashukuru, ataondoka. Baada ya miezi atarudi nyama ya chini ya gumba imekwisha, hawezi kufunga kifungo cha shati, na kaungua vidole kwenye sufuria bila kuhisi.

Kwa hiyo jifunzeni kuzitambua. Kano inang'aa, ngumu, nyeupe kama lulu, na ukiishika ncha ya upande wa mkononi ukaivuta taratibu, kitu hujongea: kidole kitakunja, au ngozi ya kiganja itakaza. Neva ni laini zaidi, weupe wake umeelekea umanjano, na juu yake hutambaa mshipa mdogo wa damu. Ikikatwa, ncha yake huonyesha vifungu vidogo vidogo vilivyojaa pamoja, na haikunji kidole chochote. Na hisia zipimwe kabla ya sindano ya ganzi. Kabla! Ukishachoma ganzi halafu ukamuuliza mgonjwa kama anahisi, unajiuliza mwenyewe.

Mkoa huu una mapanga, una vioo vya madirisha, una bodaboda, una mashamba ya mkonge kutoka Korogwe hadi Pangani yenye watu wanaoshinda na kisu mkononi. Majeraha ya upande wa mbele wa kifundo hayatawakosa. Ukikuta mkono mzima hauna palmarisi, andika kwenye faili na mwambie anayekwenda kushona: uwezekano ni mkubwa kwamba na huu wa pili hauna, basi kitu cheupe cha katikati kichukulieni ni neva mpaka kithibitike vinginevyo. Mara nyingine huwepo upande mmoja tu, kwa hiyo hilo ni onyo, halijawa jibu.

Nilitaja msuli uliokaa kichwa chini. Ni huu huu. Kwa kawaida nyama yake iko juu karibu na kiwiko na kano ndefu hushuka chini. Kwa watu wachache umegeuka, kano iko juu, nyama iko kifundoni. Chukueni mvuvi wa Sahare anayevuta nyavu usiku kucha. Nyama ile inanenepa kwa kazi kama msuli wowote, na mahali penyewe ni pembamba. Anakuja na uvimbe juu tu ya kifundo unaoumia akifanya kazi, na vidole vinamcheza ganzi. Kwa haraka utaita uvimbe wa mafuta. Mwambie akunje kifundo wewe ukizuia: ukiona uvimbe unakuwa mgumu chini ya kidole chako, huo ni msuli.

Kanuni hiyo hiyo itawasaidia kwenye mgongo wa kiganja. Wapo watu, kama wawili au watatu katika mia, wenye msuli mfupi wa ziada hapo, unaonyoosha kidole cha shahada au cha kati. Unaonekana kama kile kifuko cha majimaji tunachokiona kila wiki, na umeshapasuliwa mara nyingi duniani kwa kudhaniwa ndicho. Mwambie anyooshe vidole wewe ukivikandamiza. Kifuko cha maji hakina habari na vidole.

Sasa kidole cha mwisho, ambacho kimewababaisha hata mabingwa. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunja. Ya kina hukunja ncha, ya juu hukunja kiungo cha katikati. Kupima ile ya juu, unashikilia vidole vingine vyote vinyooke, unamwambia mgonjwa akunje kimoja kilichobaki. Haya, jaribuni, shikeni vidole vyenu, mkunje cha mwisho peke yake.

Nasikia vicheko. Kwa watu wengi kidole hicho hakikunji peke yake, na kuna tafiti zilizokuta hali hiyo kwa karibu theluthi ya watu. Kano yake ya juu imefungamana na ya kidole cha pete, au ni nyembamba mno, au haipo kabisa. Kiachilie na kidole cha pete, uone: kwa wengine vyote viwili vinashuka pamoja. Fikirini basi kijana aliyekatwa na chupa. Unapima kidole cha mwisho, hakikunji, unaandika kano imekatika, anapelekwa kupasuliwa. Pengine tangu azaliwe hakijawahi kukunja. Ungemshika mkono wa pili ungejua. Nao wa pili ukishindwa vilevile, usikimbilie kumrudisha nyumbani. Jeraha lisafishwe, lifunguliwe, kano zitazamwe kwa macho. Mkono mzima unakuambia la kutarajia, kilichomo ndani ya jeraha kinaonekana ndani ya jeraha.

Mtihani mwingine wa hapo kitini. Nyoosha vidole vyote, kisha lilaze gumba kiganjani, ncha yake ikunje kabisa. Kidole cha shahada kimekunja ncha bila kuombwa? Basi una kiungo kati ya kano ya gumba na ya kidole hicho. Linburg na Comstock walikieleza 1979, wakakikuta kwa karibu watu watatu kati ya kumi waliowapima, angalau mkono mmoja. Wengi huishi nacho wasijue. Anayesumbuka ni yule ambaye kazi yake hutaka gumba na shahada viende kila kimoja njia yake: fundi cherehani, mpiga gitaa. Mji huu umelea taarabu tangu enzi za Black Star na Lucky Star, hatukosi mpiga gitaa atakayelalamika kigasha kinamuuma kila akimaliza shoo. Mshikie shahada inyooke, akunje gumba. Maumivu yakipanda kifundoni na kigashani, umepata pa kuanzia.

Msuli wa Gantzer nitaupitia upesi, ingawa ndio ninaoupenda. Gantzer aliueleza 1813. Ni kichwa cha ziada cha msuli mrefu unaokunja gumba, na katika upasuaji wa maiti umeonekana kwa karibu nusu ya mikono, kwa hiyo sijui kwa nini bado tunauita wa ziada. Karibu yake inapita tawi la neva ya mediani linaloendesha ncha ya gumba na ncha ya shahada. Tawi hilo likibanwa, mgonjwa hawezi kufanya duara kwa vidole hivyo viwili. Vinagusana kwa matumbo, bapa. Na ganzi hana hata kidogo, maana tawi lile halibebi hisia za ngozi. Kiloh na Nevin waliieleza hali hii 1952. Mgonjwa asiye na ganzi wala jeraha tunamdhania kano imekatika, au mbaya zaidi, tunamdhania anajisingizia. Gantzer ni mmoja tu wa watuhumiwa, kwani neva yenyewe yaweza kuvimba bila kubanwa na kitu, lakini awemo kwenye orodha.

Masista wanaohudumia kliniki ya mama na mtoto, hili lenu. Mama ana mtoto wa miezi mitatu minne, anamnyanyua kutwa, na sasa panauma upande wa gumba, pale kifundoni. Akifunga gumba ndani ya ngumi na kuinamisha ngumi upande wa kidole cha mwisho, anaruka. Ni ugonjwa wa de Quervain, unaojulikana tangu 1895. Kano mbili za gumba, kila moja ya msuli wake, hupita kwenye ala moja, yaani mfereji unaozifunika, na ala imevimba. Tunampa mapumziko, tunamfunga kibao, pengine sindano ya steroidi, na wengi hupona. Lakini mmoja anarudi, anarudi tena, na nyumbani wameanza kusema anakwepa kazi. Ukweli ni kwamba ala hiyo kwa watu wengi ina ukuta katikati, ikawa vyumba viwili, na sindano iliingia kimoja. Zaidi ya hapo, kano ya msuli mrefu unaotanua gumba, ambayo picha huichora moja, mara nyingi ni mbili au zaidi. Hata mpasuaji akifungua chumba cha kwanza akaona kano mbili, huweza kudhani amemaliza, kumbe zote mbili ni za msuli mmoja na ya msuli wa pili imefungiwa jirani. Ultrasaundi, pale ilipo, huonyesha ukuta huo kabla ya sindano.

Asubuhi kaka mmoja wa uuguzi aliniambia haya ni ya wapasuaji, yeye kazi yake ni kanula, kuweka mrija wa dawa kwenye mshipa. Nimemwambia, kaka, na wewe umo. Kwa watu wachache katika kila mia, ateri ya alna, mshipa mkubwa wa damu wa upande wa kidole cha mwisho, haizami chini ya misuli ya kigasha kama inavyotakiwa. Hupita juu yake, chini tu ya ngozi, mahali ambapo wewe unatafuta vena. Dawa iliyokusudiwa vena ikiingia humo, vidole vinaweza kuoza. Gusa kwanza. Kikipiga, usichome. Na uguse kabla ya kufunga mpira, maana mpira ukikazwa mapigo hupotea.

Tena kuna neva ambazo huvushiana nyuzi humu kigashani, mediani ikiikopesha neva ya alna, ile ya upande wa kidole cha mwisho. Martin aliliona 1763, Gruber akalifanyia kazi 1870, na hutokea kwa kadiri ya mtu mmoja kati ya watano au sita. Neva ya alna ya mtu huyo ikikatwa juu, karibu na kiwiko, baadhi ya misuli ya mkono huendelea kufanya kazi kwa nyuzi za mkopo, na wewe unaandika neva iko salama. Pima na hisia za kidole cha mwisho, zitakueleza zaidi.

La mwisho, nalo ni ombi. Zile asilimia nilizowasomea ni za Uganda, ni za Zimbabwe, ni za Gaziantep. Za Tanga zinahitaji tepu ya kupimia, daftari na adabu, basi. Andikeni pendekezo, lipitisheni kwenye kamati ya maadili, ombeni ridhaa ya kila mtu kabla ya kumshika mkono. Andikeni umri, jinsia, mkono anaotumia zaidi. Tumieni vipimo viwili tofauti, ili asiyeonyesha kano kwa cha kwanza apewe nafasi ya pili. Upande wa kulia na wa kushoto uandikwe kila mmoja peke yake, msiuchanganye. Binti wa safu ya tatu, wewe uwe namba moja kwenye daftari.

Mimi nipo hapa hadi saa kumi. Anayetaka kupimwa apite mbele, na aje na mikono yote miwili.